Krismasi ya Jim Reeves: sauti ni yake, lakini nyimbo ni za nani?

Mwaka jana tarehe 25 Desemba tulikuwa ushago, Ol Kalou, na mnaojua Nyandarua mnaijua ile baridi ya asubuhi, kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili kabla hata hujanywa. Redio ya shosho ilikuwa dirishani mahali pake pa siku zote, ikaanza kucheza Silver Bells ya Jim Reeves, na nyumba ikanyamaza kidogo, si ati kuna mtu amesema watu wanyamaze, ni vile hiyo sauti hufanya. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili akaniuliza, "Anko, huyu mtu bado ako hai?" Nikamwambia hapana, alikufa kitambo, 1964. Akakaa akifikiria, halafu akauliza tena, "Sasa pesa za huu wimbo huwa anapewa nani?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba ni familia yake. Kumbe hilo jibu ni kipande kidogo tu cha ukweli, na tangu siku hiyo limenikaa moyoni manake swali la mtoto lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nimelifuatilia mpaka nikalielewa, kwa hivyo wacha nilieleze hapa polepole, nikitumia albamu moja peke yake, ile ambayo kila nyumba ya Kenya iliyo na redio imeisikia hata kama hakuna aliyewahi kuona kava yake.

Albamu inaitwa Twelve Songs of Christmas. Ilitolewa na kampuni ya rekodi ya RCA Victor 1963, nyimbo kumi na mbili, sita kila upande wa sahani. Iko na Jingle Bells, Blue Christmas, Señor Santa Claus, An Old Christmas Card, Merry Christmas Polka, White Christmas, ukigeuza upande wa pili unapata Silver Bells, ile ya kutaja herufi za neno Christmas moja moja, kisha zinafuata za kanisani mpaka inamalizika na Silent Night. Kwetu Desemba ni huyu na Boney M, hao wawili wanagawana mwezi, na kuna kitu kimoja kinachowaunganisha ambacho nitakifikia huko mbele.

Kwanza tumjue mwenyewe. James Travis Reeves alizaliwa 20 Agosti 1923 huko Galloway, sehemu ya mashambani mashariki mwa Texas. Ndoto yake ilikuwa besiboli, akaumia, ndoto ikaishia hapo, akaingia kazi ya utangazaji wa redio. Alifika mpaka KWKH, kituo cha Shreveport kule Louisiana kilichokuwa na kipindi kikubwa cha muziki wa country cha Jumamosi usiku, Louisiana Hayride. Hiyo kazi ya utangazaji usiipite hivi hivi. Mtangazaji anajifunza kutamka kila neno likasikika, na anajifunza kuongea na mtu mmoja jikoni kwake badala ya kuhutubia uwanja. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kumfanya Jim Reeves awe Jim Reeves.

Mwanzoni hakuimba hivi tunavyomjua. Hiti yake ya kwanza kubwa, Mexican Joe ya 1953, ni sauti ya juu, ya kupaaza, kama mtu anayeimba kwenye ukumbi wa dansi watu wakikanyaga sakafu na fidla inalia nyuma. Waimbaji wengi wa country wa wakati huo waliimba hivyo. Halafu akasainiwa na RCA 1955, na 1957 akarekodi Four Walls kwa njia tofauti kabisa, akaishusha sauti yake chini, akasogea karibu sana na maikrofoni na kuimba taratibu kama mtu anayenong'ona lakini hataki upitwe na neno hata moja. Ikashika. He'll Have to Go ikafuata, iliingia sokoni mwisho wa 1959 na 1960 ikakaa namba moja ya chati za country Marekani wiki 14, na hata kwenye chati ya nyimbo zote ikafika namba mbili.

Hapa kuna sayansi kidogo na mimi naipenda. Maikrofoni ambazo zinasikiliza upande mmoja zaidi ya mwingine zina tabia moja, ukizikaribia sana zinaongeza besi ya sauti yako zenyewe. Kwa hivyo mtu mwenye sauti nzito ya asili akisimama inchi chache kutoka kwa maikrofoni ya namna hiyo na asipige kelele, sauti inatoka nene na ya joto, hata pumzi yake unaisikia. Sikio letu nalo linajua kwamba pumzi ya mtu huisikii akiwa mbali. Kwa hivyo ubongo unaamua huyu mtu amekaa hapa kando yangu. Ndiyo maana redio ndogo ya dirishani inatosha kunyamazisha nyumba.

Sasa kuna jambo ambalo huwachanganya watu: huyu ni msanii wa country, na albamu hii mbona haisikiki country? Fidla iko wapi, na lile gitaa la kulia la chuma liko wapi?

Jibu liko Nashville, miaka ya 1956 na 1957. Rock'n'roll ilikuwa imewabeba vijana wote, Elvis mwenyewe alikuwa RCA hiyo hiyo, na muziki wa country ulikuwa unauzwa kidogo kidogo. Watayarishaji wawili, Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca, wakaanza kupunguza vile vitu vilivyokuwa vinaupiga muhuri wimbo kwamba ni wa mashambani. Fidla na gitaa la chuma vikakaa kando, wakaingia wapiga vayolini wakipiga pamoja laini, na kwaya ndogo ya nyuma ya watu wanne hivi inayoimba "uuu" badala ya maneno, kundi la Anita Kerr ndilo lililojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Na ujue fidla na vayolini ni chombo kile kile kimoja! Mbao ni zile zile, nyuzi ni nne zile zile, kilichobadilika ni mkono unaokipiga na mahali unapokipigia. Wakauita mtindo huo Nashville Sound. Kuna wapenzi wa country ambao mpaka leo wanaona huo ulikuwa usaliti, mimi siko upande wao, manake bila mabadiliko hayo sidhani kama hii sauti ingefika Ol Kalou. Chet Atkins ndiye aliyekuwa akitayarisha rekodi za Reeves, kwa hivyo albamu ya 1963 ni tunda la mti huo. Country ya Twelve Songs of Christmas ni mtu anayeimba, mji waliorekodia na soko walilolilenga, vyombo havikuwa na neno kubwa hapo.

Na kwa nini msanii wa country atoe albamu ya Krismasi hata? Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Gene Autry, yule ng'ombe-boi wa filamu, aliimba Here Comes Santa Claus 1947, halafu 1949 akaimba ile ya Rudolph, kulungu wa pua nyekundu, ambayo iliuza mamilioni. Ernest Tubb akaifanya Blue Christmas iwe wimbo wa country. Elvis akatoa albamu yake ya Krismasi 1957, na kwa kuwa ilikuwa RCA hiyo hiyo, mabosi wa RCA waliona kwa macho yao kwamba rekodi ya Krismasi haifi. Rekodi ya kawaida inauza miezi michache halafu inafifia, lakini ya Krismasi unaitoa Novemba, unairudisha stoo Januari, mwaka ujao unaitoa tena na hakuna anayesema imepitwa na wakati kwa sababu watu wanaitaka vile vile ilivyokuwa. Mambo yalikuwa makubwa kiasi kwamba 1963 hiyo hiyo jarida la Billboard likaanza kuchapisha orodha ya pekee ya rekodi za Krismasi, wakaziweka kando zisichanganyike na zile za kawaida.

Sasa tuingie kwenye swali la mpwa wangu lenyewe.

Kila unaposikia wimbo mmoja kwenye redio unasikia mali mbili zilizowekwa juu ya nyingine. Mali ya kwanza ni utunzi wenyewe, yaani maneno na melodi, vile ambavyo hata wewe ungeweza kuviimba bafuni. Mali ya pili ni rekodi, yaani sauti ya Jim Reeves iliyonaswa siku ile studio, ambayo wasanii huiita masta. Mwenye utunzi na mwenye masta mara nyingi hawajuani kabisa. Halafu kuna mtu wa tatu ambaye ni mwimbaji, na huyo, watu wakisikia hili hushtuka, kwa kawaida hamiliki lolote kati ya hizo mbili kama aliimba wimbo wa mtu mwingine kwa kampuni ya rekodi. Anapata asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba wake, baada ya gharama kukatwa.

Jim Reeves hakutunga hata moja ya zile kumi na mbili. Ni za wengine wote. Na hao wengine ukiwafuatilia unakutana na dunia nzima.

Nne zilikuwa hazina mwenyewe tena hata 1963. Jingle Bells ni ya James Pierpont, ilisajiliwa 1857 kwa jina lingine, na ukiusoma mashairi yake yote hutaona neno Krismasi popote wala Yesu, ni vijana tu wanakimbiza kigari cha theluji na msichana kando. O Little Town of Bethlehem maneno yake yaliandikwa 1868 na Phillips Brooks, mchungaji wa Philadelphia aliyekuwa ametembelea Nchi Takatifu miaka mitatu kabla. O Come All Ye Faithful mizizi yake ni Kilatini cha karne ya 18. Silent Night, hii tunayoiimba kanisani Usiku Mtakatifu, ilisikika mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1818 kwenye kanisa dogo la Oberndorf, Austria, maneno ya padri Joseph Mohr, muziki wa mwalimu wa shule Franz Gruber. Hizi nne unaimba bure.

Nane zilizobaki zilikuwa na wenyewe. Na sheria ya Marekani ya 1909 ilisema hivi: wimbo ukishatolewa kwenye rekodi mara ya kwanza kwa ruhusa ya mtunzi, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi tena bila kuomba, mradi alipe. Malipo yalikuwa senti 2 za dola kwa kila wimbo kwa kila nakala, na kiwango hicho kilikaa bila kuguswa mpaka mwisho wa 1977, hebu fikiria, bei moja kutoka 1909. Kwa hivyo kila sahani ya Twelve Songs of Christmas iliyotengenezwa, watunzi wote wa zile nane pamoja walidai senti zisizozidi 16, na zile nne za zamani zikaiokolea kampuni senti 8. Ukiona albamu za Krismasi zote zina nyimbo zile zile, usifikiri ni uvivu wa wasanii peke yake, hesabu hizi zina mkono mkubwa, manake ruhusa huombi na nyingine hulipi kabisa.

White Christmas ni ya Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa kwenye himaya ya Urusi 1888 akafika New York akiwa mtoto wa miaka mitano. Silver Bells ni ya Jay Livingston na Ray Evans, Wayahudi pia, waliitunga 1950 kwa ajili ya filamu, na ndiyo Krismasi ya mjini kati ya zote, barabara na maduka na watu wanapishana, si zizi wala theluji ya shambani. Ile ya herufi, C-H-R-I-S-T-M-A-S, ni ya Jenny Lou Carson na Eddy Arnold. Carson anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa, ndiye mwanamke wa kwanza kutunga wimbo uliofika namba moja kwenye chati za country, 1945, na ni watu wachache sana wanaomjua.

Lakini mimi nataka tukae kwa Mary's Little Boy Child. Kwa watu wetu huu ndio wimbo wa Krismasi wenyewe, ukianza hata waliokuwa jikoni wanatoka. Uliandikwa na Jester Hairston, mwanamuziki mweusi wa Marekani, mwongoza kwaya, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa North Carolina 1901. Mdundo wake asili ni wa kalipso, ule wa visiwa vya Karibea, alikuwa ameutunga kwa maneno mengine kabisa kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa, kwa ombi la rafiki, baadaye akauvalisha maneno ya Krismasi. Harry Belafonte akaurekodi 1956, na 1957 ukafika namba moja Uingereza. Jim Reeves akauchukua 1963. Boney M wakauchukua 1978 wakauunganisha na kipande chao na ukawa namba moja Uingereza tena. Ndicho kile kitu nilichosema kinawaunganisha wale wawili wanaogawana Desemba yetu. Wote wawili wanaimba wimbo wa mzee Hairston.

Na fikiria ni mwaka gani huo. Nashville, mji wa hii albamu, wanafunzi weusi walikuwa wameketi kwenye hoteli za madukani 1960 wakipigwa na kumwagiwa vitu ili tu wauziwe chakula kama wazungu. Miaka mitatu baadaye mzungu wa Texas anaimba wimbo wa mtu mweusi kwa upole ule wote, na mnunuzi wa sahani pale dukani pengine hajui kabisa ni wa nani. Reeves mwenyewe alikuwa ametoka kuzunguka Afrika Kusini ya ubaguzi 1962, akarudi tena 1963 akacheza filamu huko, na aliimba hata Kiafrikana. Nalisema hili wazi kwa sababu naipenda sauti hii sana na sitaki kuipenda nikiwa nimefumba macho. Na mwezi huo huo ambao albamu ilikuwa na Krismasi yake ya kwanza, Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 na Kenya tarehe 12. Kwa hivyo Krismasi ya kwanza ya hii sahani na Krismasi ya kwanza ya Kenya huru ni siku moja, 25 Desemba 1963. Shosho aliikumbuka siku hiyo kwa nyama tu, albamu hakuijua mpaka miaka mingi baadaye.

Jim Reeves aliishi Krismasi hiyo moja tu na albamu yake. Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa anarudi Nashville akiendesha ndege ndogo mwenyewe, na mpiga piano wake Dean Manuel kando, wakaingia kwenye mvua kubwa ya radi, ndege ikaanguka karibu na mji. Walitafutwa siku mbili ndipo wakapatikana. Alikuwa na miaka arobaini.

Baada ya hapo yakaja mambo ambayo huchanganya sana watu wanaokusanya nyimbo zake. Mjane wake Mary na kampuni waliendelea kutoa nyimbo mpya miaka na miaka, kwa sababu alikuwa ameacha kanda nyingi, nyingine ni za majaribio tu, wakawa wanaongezea vyombo juu ya sauti yake. Distant Drums ilikuwa kanda ya namna hiyo, na 1966 ikakaa namba moja Uingereza wiki tano, mwimbaji akiwa kaburini Texas miaka miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wakaunganisha hata sauti yake na ya Patsy Cline, marehemu mwingine wa ajali ya ndege, wakaonekana wanaimba pamoja. Albamu ya Krismasi si ya kundi hilo. Hiyo aliimaliza mwenyewe, akaisikia ikitoka, kila pumzi iliyomo aliiweka akijua anaiweka. Kwangu mimi hiyo tofauti ina uzito.

Haya, masta ya hiyo albamu iko kwa nani leo? RCA Victor ilikuwa kampuni ya Kimarekani. 1986 upande wa rekodi ukanunuliwa na Bertelsmann ya Ujerumani, 2004 wakaungana na Sony, 2008 Sony wakanunua yote. Kwa hivyo sauti ya kijana wa Galloway, Texas iko chini ya kampuni ambayo mama yake mkubwa ni wa Tokyo. Ukiisikiliza mtandaoni leo, sehemu kubwa ya zile senti inaenda kwa mwenye masta, sehemu ndogo kwa wenye utunzi, na wale wenye haki za marehemu wanapata kile ambacho mikataba inasema.

Na redio ni hadithi nyingine. Marekani, kituo cha redio ya kawaida ya AM au FM kikicheza wimbo kinamlipa mtunzi peke yake. Mwimbaji na mwenye rekodi hawapati hata senti, imekuwa hivyo tangu redio ianze na bado wanapigania ibadilike. Kwa hivyo Silver Bells ikipigwa redioni pale pale Nashville, wanaolipwa ni upande wa Livingston na Evans, upande wa Jim Reeves sifuri. Kule Uingereza, redio hulipia hata upande wa rekodi.

Mpaka lini? Hapa ndipo mwaka 1963 unageuka kuwa wa ajabu. Ulaya walikuwa na sheria kwamba rekodi inalindwa miaka 50. Halafu 2011 wakaamua kuifanya 70, ila kwa zile tu ambazo zilikuwa bado zina ulinzi kufikia 1 Novemba 2013. Rekodi iliyotolewa 1962 ulinzi wake ulikuwa umeisha 31 Desemba 2012, imeshapita, haiokoleki. Iliyotolewa 1963 ilikuwa imebakisha miezi miwili tu, ikaokoka, ikaongezewa miaka 20 mizima. Ndiyo maana ukitafuta Jim Reeves utaona CD nyingi za bei ya chini za kampuni ndogo ndogo za Ulaya zenye nyimbo zake mpaka 1962, He'll Have to Go iko kila mahali, lakini albamu ya Krismasi kule bado imefungwa mpaka mwisho wa 2033. Ingetangulia mwaka mmoja tu, ingekuwa ya kila mtu. Marekani wao waliandika sheria mpya 2018, rekodi zote zilizotolewa kuanzia 1957 mpaka mwanzo wa 1972 zimefungwa mpaka 15 Februari 2067. Huyo mpwa wangu atakuwa mzee wa miaka hamsini na kitu.

Na hapa kwetu? Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaipa rekodi miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu, ulinzi wa hii rekodi kwa sheria yetu ulikwisha mwisho wa 2013, au hata kabla. Lakini utunzi unahesabiwa tofauti, ni maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake, na kama walikuwa wawili unahesabu kutoka kwa aliyekufa mwisho. Jester Hairston alifariki 2000, kwa hivyo wimbo wake una mwenyewe mpaka mwisho wa 2050. Irving Berlin 1989, ongeza 50. Jay Livingston alifariki 2001 na mwenzake Ray Evans 2007, kwa hivyo Silver Bells iko na wenyewe mpaka mwisho wa 2057.

Kwa hivyo jibu sahihi la asubuhi ile, la nyumba ile ya Ol Kalou, ni kwamba kituo cha redio kilichoicheza kilikuwa na deni kwa warithi na kampuni za watunzi wawili waliokaa mezani 1950 wakaandika wimbo wa kengele za mjini. Mtu ambaye sauti yake ilitunyamazisha hakuwa na dai lolote hapo. Nilimpigia mpwa wangu simu nikamweleza hivyo na akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Lakini Anko, bila yeye tusingesikiliza." Ni kweli, na sheria haina safu ya kuandika hilo.

Limebaki swali la kwa nini yeye na si mwingine, manake waimbaji wa Krismasi wa 1963 walikuwa wengi. Mimi naona ni lile tamko la mtangazaji. Kiingereza kwa wazee wetu kilikuwa lugha ya pili au ya tatu, na waimbaji wengi wa Marekani wanameza maneno, lakini huyu unamwandika imla neno kwa neno. Nigeria wanampenda, India na Sri Lanka wanampenda, Norway pia, zote ni nchi ambazo Kiingereza hakikuanzia nyumbani. Shosho hajasoma shule hata siku moja na ile ya herufi anaimba zote tisa kwa mpangilio, ndizo herufi za kwanza za Kiingereza alizojua maishani, na nilizijua hizo kwake kabla ya kuzijua darasani.

Ukitaka kuisikiliza ilivyopangwa, kuwa makini, kuna mikusanyiko mingi yenye kava mpya na majina mapya na mpangilio umevurugwa. Tafuta ile yenye nyimbo kumi na mbili inayoanza na Jingle Bells. Usiruke. Upande wa kwanza ni wa furaha na upweke wa watu wazima, kadi za zamani na theluji ya kukumbukwa, upande wa pili unaanza mjini na kengele za Livingston na Evans kisha unaanza kutembea kwenda kanisani, Bethlehemu kwanza, halafu mtoto wa Mariamu wa mzee Hairston, halafu waaminifu wanaitwa, na mwisho anabaki Jim Reeves karibu sana na maikrofoni na ule wimbo wa Oberndorf.